Cheti cha Ugonjwa Nisiougua

Mdogo wangu alikuwa fundi wa meno ya bandia, na aliishi miaka thelathini na moja katika nchi isiyokuwa yake. Anayetaka kumjua kwa ufupi, hayo mawili yanamtosha. Mimi kwa ufupi siwezi. Tangu utotoni naambiwa napiga chuku, nikiona panya nasema paka, nikiona paka nasema chui, na sina la kujitetea. Pale nitakapotia chumvi mtaijua kwa ladha yake. Mwishoni sikutia.

Nyumbani tulimwita Kimya. Jina la kwenye pasipoti alikuwa nalo, lakini halikupata kazi kwetu. Alipozaliwa hakulia. Mkunga alimpiga makofi mpaka kiganja cha mkunga kikavimba, mtoto akimtazama tu kama anayesubiri amalize. Siku ya tatu akapiga chafya moja, Mama akashukuru, basi. Mimi nilimzidi miaka tisa, na Mama alikuwa na kazi, kwa hiyo nilimlea. Kabla hajaota meno nilimtafunia chakula kinywani mwangu nikampa. Shule nilikuwa na nafasi ya kwenda, lakini nani angetafuna?

Yeye alisoma. Wakati ule nchi saba zilikuwa kwenye Umoja mmoja, na mtu alivuka mpaka kama anayetoka sebuleni kwenda jikoni. Kimya akavuka na sanduku moja, akajifunze ufundi wa meno mwaka mmoja arudi. Alipomaliza, karakana iliyokuwa nyuma ya hospitali moja kule ikampa meza. Akaoa mwanamke wa kule, mshona mapazia. Mwaka mmoja ukazaa thelathini.

Karakana yake niliiona mara moja, enzi ambazo bado nilikuwa na magoti. Chumba kirefu, dirisha moja, meza iliyokatwa nusu duara ili fundi aingize tumbo. Palikuwa na nta ya rangi ya waridi, taa ndogo ya spiriti, tupa za kila unene, na chuma chenye bawaba kinachofunguka na kufunga kama taya. Ukutani rafu zilitoka sakafuni mpaka darini, zimejaa vinywa vya watu vya plasta nyeupe, kila kimoja kimekwanguliwa namba chini. Nikamuuliza wote hao wakianza kusema kwa pamoja atakimbilia wapi. Akasema ndiyo maana aliwatengeneza bila ndimi. Huo ulikuwa mzaha wake wa mwaka ule.

Alikuwa na kanuni moja ya kazi. Mteja hamuulizi kama meno yanaumiza. Mmoja amechoka kuja, atasema hayaumizi ili aende zake. Mwingine ni mdekaji, atasema yanaumiza hata hayajaingia. Kwa hiyo alimvalisha mtu, akamwambia aume, akayatoa, akamulika fizi kwa taa. Palipo pekundu ndipo panapoumiza. Akayasugua meno kwa tupa mahali panapogusa hapo, akamvalisha tena.

"Kinywa ni jumba la maneno, Dada," aliniambia siku hiyo, "ila kuhusu chenyewe hakisemi kweli."

Ya kwangu, ya juu na ya chini, aliyatengeneza pale pale, nikarudi nayo kinywani. Yalikuwa meno hasa. Nilikata nayo waya wa kuanikia nguo. Nilipocheka kwenye foleni ya benki mlinzi alisimama akatoa saluti. Aliyetafuniwa akamtengenezea meno aliyemtafunia, deni likaisha, ningesema hivyo. Lakini mimi nilitaka arudi nyumbani. Kila mwaka alikuja wiki tatu, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, akaondoka, na kiti kikabaki na umbo lake kwenye mto. Binti yangu, anayekaa nami na kufanya kazi kaunta ya posta, aliupiga mto ule makofi urudi sawa. Mimi nilimkataza.

Kisha wifi yangu akafa. Alianguka akiwa kwenye cherehani, saa nne asubuhi, na chai yake ilikuwa bado vuguvugu. Kimya alipiga simu akanieleza kwa sentensi tatu. Nikamuuliza kama amekula. Akasema amekula. Sikulia, na yeye hakulia, tukasikilizana pumzi mpaka salio likaisha. Watoto hawakuwa nao.

Nilingoja miezi mitatu aseme anarudi. Hakusema. Ndipo nikaugua.

Niliugua vizuri sana, lazima nijisifu. Kwenye simu nilimwambia moyo wangu unaruka kama chura kwenye ndoo, na kwamba usiku uliopita roho ilitoka ikafika mlangoni ikakuta pamefungwa ikarudi. Alipokuja nilikuwa kitandani, nimejipaka majivu kidogo kwenye midomo, na kila aliposogea nilikuwa nimetoka kukumbatia chupa ya maji moto ili paji la uso lichemke. Binti yangu aliniambia ni aibu. Nikamwambia aibu haijaua mtu, upweke ndio unaoua. Hospitali sikwenda, nilidai naogopa sindano. Kimya hakunisukuma. Aliketi kwenye kiti cha dirishani, akanitengenezea chai, akanisomea gazeti. Kila nilipopata nafuu alizungumzia tikiti, na kila alipozungumzia tikiti chura aliruka.

Alikaa miezi saba na siku kumi na moja. Mwishowe nilichoka mimi. Kulala ni kazi ngumu kwa mtu mwenye mdomo. Nikapona, akarudi kule. Nilihesabu jambo lile kuwa mzaha wangu mzuri kuliko yote, na kwa miaka miwili niliwasimulia majirani wakicheka mpaka wakashika kuta.

Baada ya hiyo miaka miwili likaja suala la kutoka kwenye Umoja. Serikali ikasema wananchi wapige kura, Kubaki au Kutoka. Nyumba yetu ikawa baraza. Jirani yetu seremala alikuwa wa Kutoka. Alikuwa na hoja yake na hakuificha: tangu mipaka ifunguke, milango ililetwa kwa malori kutoka nchi nyingine za Umoja, milango ya vumbi la mbao iliyogandishwa kwa gundi, ukiigonga inasikika kama boksi, na watu waliinunua kwa sababu ni rahisi. Yeye alikuwa na mlango wa mninga kwenye karakana yake kwa miaka minne, hajapata wa kuununua. Binti yangu alikuwa wa Kubaki. Kwenye kaunta yake alipima vifurushi vya watu walio na ndugu nchi zote saba, na akauliza nani atawalipia ushuru.

"Mama mdogo, wewe unapima vifurushi, mimi napima mbao," seremala alimtania, maana ingawa alimzidi umri alipenda kumwita hivyo. "Tutaona nani atakula."

"Kula mlango wako," binti akamjibu. "Una chumvi?"

Walicheka siku hiyo. Wiki mbili baadaye hawakucheka tena. Seremala alisema watu walio nje wamekimbia nchi na hawana haki ya kuisemea, na binti yangu akaondoa kikombe chake mezani kabla hajamaliza chai. Mimi nilikaa katikati nikimkubalia kila aliyesema mwisho.

Kimya alipiga simu. Kwa sheria ya nchi yetu, aliyeishi nje zaidi ya miaka kumi na tano alifutwa kwenye daftari la wapiga kura. Yeye alikuwa na mara mbili ya hiyo. Aliongea maneno mengi kuliko kawaida yake, pengine arobaini. Alisema nchi ikitoka, wao wa kule watahesabiwa wageni, na hajui itakuwaje. Alisema anataka kubaki pale alipo, kwenye meza yake na nyumba yake.

"Dada," akasema, "wewe una kura. Nipigie yangu. Kubaki."

Nikamwambia ahesabu imeshapigwa.

Karatasi ya kura ilikuwa na picha, kwa ajili yetu sisi tusiosoma. Kubaki ilikuwa mikono miwili iliyoshikana. Kutoka ilikuwa mlango ulio wazi, na seremala alitembea mtaa mzima akijigamba kwamba serikali imemchora. Nilisimama ndani ya kile kibanda cha kitambaa na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nilitazama mikono. Nilitazama mlango. Niliona kiti cha dirishani na umbo kwenye mto. Nikatia alama yangu kwenye mlango, nikakunja karatasi mara mbili kama walivyotuagiza, nikaitumbukiza. Jioni Kimya aliuliza. Nikamwambia mikono, mikono mitupu, nimeibonyeza mpaka kalamu ikatoboa.

Kutoka walishinda. Tofauti yao ilikuwa kubwa kiasi kwamba kura yangu haikusogeza kitu, na kwa muda nilijifariji kwa hesabu hiyo. Seremala alipita akipiga nyundo kwenye ubao. Binti yangu aliosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mwaka ulipita, kisha barua ikamfikia Kimya kutoka ofisi ya wageni kule. Alimsomea binti yangu kwenye simu, naye akaniwekea sauti nisikie. Kila raia wa nchi yetu aliyetaka kuendelea kuishi kule athibitishe miaka mitano ya mwisho mfululizo, bila kukosekana zaidi ya miezi sita kwa mara moja. Aliyekosekana zaidi alihesabiwa ameanza upya, na waliopaswa kuanza upya hawakupewa nafasi. Miaka mingine yote ya nyuma haikuulizwa.

Mimi nilikuwa nabangua karanga. Niliendelea kubangua. Nilisikia miezi saba na siku kumi na moja kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kwenye orodha.

Barua ilikuwa na mlango mmoja wa pembeni. Aliyekosekana kwa sababu ya kumuuguza ndugu wa damu aliyekuwa mahututi angesamehewa hadi mwaka, mradi alete cheti cha hospitali chenye mhuri na tarehe. Alipewa siku sitini.

"Dada," akasema Kimya, "nitumie cheti cha ule ugonjwa wako."

Nikasema nitakitafuta.

Binti yangu alizima simu akanitazama. Alikwenda chumbani akafunga mlango polepole.

Wiki ya kwanza nilimwambia Kimya karatasi ziko kwenye sanduku la bati ambalo ufunguo wake umepotea. Wiki ya pili panya walikuwa wameingia sandukuni. Wiki ya tatu daktari aliyenitibu alihamia mji mwingine, tena alikuwa amevunjika mkono wa kuandikia. Wiki ya nne paa la zahanati liling'olewa na upepo na mafaili yakaonekana yakiruka juu ya soko kama kunguru. Kila uongo niliutengeneza vizuri, na kila nilipomaliza Kimya alisema, "Haya, Dada." Hakuuliza panya walitoboaje bati.

Kuna siku nilivaa viatu nikaenda zahanati kweli. Nilikaa kwenye benchi na wenye homa. Nesi aliponiita nikamweleza nataka cheti cha ugonjwa wa miaka mitatu iliyopita. Aliuliza nilitibiwa wapi. Nikasema nyumbani. Aliuliza na nani. Nikasema na ndugu yangu, fundi wa meno. Nesi aliniandikia vidonge vya shinikizo la damu, akaita anayefuata. Njiani niliweza kuamua kumwambia Kimya kweli, maneno yalikuwa mafupi: sikuumwa. Nilifika nyumbani, simu ilikuwa mezani, nikaipangusa vumbi nikaiweka pale pale.

Siku sitini ziliisha siku ya Jumanne. Binti yangu alikwenda kazini, seremala alikuwa akikata mbao, mimi nilifua mashuka. Hakuna kilichoanguka.

Kimya alirudi na sanduku moja na kreti moja ya mbao. Kwenye sanduku mlikuwa na nguo kidogo. Kreti ilikuwa na taa ya spiriti, tupa zake zimefungwa kwa flana, nta, chupa za unga na dawa za kugandisha, na kile chuma cha bawaba. Vile vinywa vya plasta aliviacha rafuni, alisema si vyake. Aliisukuma kreti chini ya meza akakaa kwenye kiti cha dirishani. Nilichokitaka kwa miaka thelathini na moja kilikuwa pale, kimevaa sweta la kijivu, na nilipokitazama sikusikia chochote. Ni kama unapouma shavu baada ya sindano ya ganzi. Unajua kuwa ni shavu lako.

Alikaa hivyo miezi minane. Alikula alichopewa. Seremala alijaribu kumtania kwamba karibu nyumbani, mtoro, sasa utatuonyesha hayo maajabu ya ng'ambo, na Kimya akamtazama kwa upole mpaka seremala akakumbuka ameacha gundi motoni. Baadaye seremala alileta kistuli alichokitengeneza, akakiweka karibu na dirisha kwa ajili ya miguu ya Kimya, akaondoka bila kusema ni cha nini. Milango ya malori iliendelea kuja, sasa kwa bei ya juu. Mlango wake wa mninga ulikuwa bado umeegemea ukuta.

Asubuhi moja nikiosha meno yangu kwenye beseni, ya juu yaliniponyoka yakagonga ukingo yakapasuka katikati, moja kwa moja, kama ganda la karanga. Nilichukua vipande viwili nikampelekea Kimya kiganjani. Alivigeuza. Alisogeza ukingo mmoja kwenye mwingine, akavishika pamoja kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akainama, akaivuta kreti kutoka chini ya meza, akafungua.

Nikakaa mbele yake kwenye kistuli cha seremala. Alichanganya unga na dawa, chumba kikanuka kama karakana ile. Alifanya kazi bila haraka, na mimi bila meno ya juu nilikuwa na mdomo uliojikunja kama mfuko uliokazwa kamba. Maneno yalivuja hewa. Bila meno uongo hukosa pa kushikia, pengine ndiyo sababu nilianza.

Nikaanza na lile dogo. Nilimwambia kura yake niliipiga kwenye mlango.

Mikono yake ilisimama. "Hilo sikulijua," akasema.

Nikasema walishinda kwa wingi, kura moja haikufanya kitu.

"Haikufanya," akakubali. Aliendelea kupaka. Baada ya muda akasema, "Ila ile moja ilikuwa yangu."

Nikasema kuna na lingine, la ule ugonjwa.

"Hukuumwa."

Nikamuuliza nani kamwambia, binti?

"Nilikuangalia kinywani siku niliyofika. Fizi zako zilikuwa za mtu anayekula vizuri. Midomo ilikuwa na majivu." Alipuliza unga kwenye tupa. "Nilijua siku ya kwanza, Dada."

"Sasa miezi saba ulikaa kwa ajili ya nini?"

Alilaza tupa kwenye flana. Alisema kule nyumbani kwake kulikuwa na pazia kwenye cherehani. Nusu lilikuwa limeshonwa na sindano ilikuwa bado imelichoma. Ilibidi mtu anyanyue ule mguu wa cherehani alitoe. Yeye hakuweza kuunyanyua, na nilipopiga simu kwamba nakufa, alishukuru kupata mahali pa kwenda.

"Na cheti? Ulijua hakipo. Uliniomba cha nini?"

"Barua ilisema niombe," akasema Kimya.

Nje seremala alikuwa akipiga randa, ubao ukilia kwa urefu uleule, mara kwa mara. Kimya alisubiri unga ugande, akasugua pande zote, akaosha meno kwenye kikombe, akasema nifungue. Akanivalisha kwa kidole gumba, kama zamani. Akaniambia niume, nikauma.

"Yanaumiza?" akauliza.

Hakuwahi kumuuliza mtu. Nilikuwa na hapana tayari ulimini, hapana nzuri, laini, yenye kicheko chake. Nikasema ndiyo, yanaumiza, upande wa kushoto, nyuma. Nikamwonyesha kwa kidole.

Hata hivyo aliyatoa, akawasha taa, akamulika. Alitazama sana. Palikuwa pekundu hapo hapo niliposema. Akachukua tupa iliyo nyembamba kuliko zote, akaanza kuyasugua meno pale yalipobana.